Mistari Mitupu ya Karani wa Majani

Niliwahi kujaza fomu ya maswali arobaini kuhusu watu wa kwetu bila kumwuliza mtu hata mmoja. Niliijaza Nairobi, alasiri moja, kikombe cha chai kikiwa kando yangu, na nilipomaliza nilijiona mtu mwenye akili sana. Hadi leo nikikutana na kijana anayejiona hivyo, namwonea huruma kwanza, kisha namkasirikia, maana namfahamu vizuri mno.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kampuni iliyonunua majani ya chai kwa wakulima wadogo ilikuwa imekodi saa chache kila wiki kwenye kompyuta moja ya mjini. Chombo chenyewe kilijaza chumba kizima na kiliwekewa mashine ya kupoza hewa, wakati sisi tuliokiandikia maagizo tulikaa chumba cha pili tukitokwa jasho. Maagizo hayo, yaani programu, tuliyaandika kwa mkono mstari kwa mstari. Wasichana wa ofisi waliyatoboa kwenye kadi ngumu, kila mstari kadi yake na kila mkulima kadi yake, kisha kompyuta ikazisoma. Ukikosea, haikugomba wala haikuuliza. Ilifanya kosa lako lile lile kwa bidii mara mia sita, halafu ikalichapisha kwa herufi safi.

Mkuu wetu alikuwa mama mmoja Mgoa, mtu wa sauti ya chini, ambaye hakuwahi kuonekana bila penseli. Alikuwa na sheria moja tu: hakuna kadi ya kutobolewa kabla ya wiki mbili za penseli. Katika wiki hizo mbili ulitakiwa kwenda mahali kazi inapofanyika, kukaa na wanaoifanya, na kujaza ile fomu yake ya maswali arobaini. Sisi vijana tulimcheka kwa siri. Tuliona ni woga wa mtu mzima, maana tuliajiriwa kuandika programu, si kuhesabu vikapu vijijini.

Ilipofika zamu ya kuandikia programu kituo cha kununulia majani kilichoko kwenye miteremko ya Manga, kazi nilipewa mimi kwa kuwa nilizaliwa pale. Mama yangu alikuwa na chai yake pale pale, mwendo mfupi kutoka kituoni. Mkuu akaniandikia ruhusa ya kwenda wiki mbili. Nikaenda siku mbili, nikala ndizi za kupikwa, nikalala vya kutosha, nikarudi Nairobi na daftari la karani wa kituo chini ya kwapa. Mimi ni mwenyeji, nikajiambia, nitauliza nini?

Lile daftari lilinichefua. Karani alikuwa mzee aliyesoma hadi darasa la nne tu, mwenye mwandiko wa kujikunja kama mizizi, na kwa miaka yote tangu kituo kifunguliwe ndiye aliyeita wakulima kwa zamu waje kwenye meza. Pale mezani mtu alimwaga majani yake, akayachambua kuondoa magumu, akabaki na yale mawili na chipukizi, ndipo yakapimwa. Watu walichambua wakitazamana, wameinama, mikono ndani ya majani. Sasa katika daftari majina yalikuwa yametawanyika ovyo. Baba wa boma fulani alikuwa ukurasa wa kwanza, mke wa mwanawe ukurasa wa tisa. Kati ya majina palikuwa na mistari mitupu, mahali pengine mmoja, mahali pengine mitatu, bila mpango wowote niliouona. Nilihesabu mistari hiyo mitupu nikatikisa kichwa kwa ajili ya karatasi ya watu iliyoharibiwa.

Swali la thelathini na moja katika fomu ya mkuu lilisema hivi: Je, mpangilio unaotumika sasa una sababu? Nikaandika: Hapana.

Basi nikapanga. Nilifuta mistari mitupu yote na kuwapanga wakulima kwa namba za mashamba, jirani na jirani yake, wawili wawili wakitazamana mezani, kila meza na saa yake, ili lori la kiwandani lisisubiri. Kwa kuwa nilisikia kuna wajanja wanaopeleka majani kwa namba za wenzao, niliagiza kila mwenye namba aje mwenyewe na kuweka kidole gumba. Karani asibadilishe meza wala saa ya mtu. Na kwa kuwa kulikuwa na wenye namba waliokwisha kung'oa chai yao na kuhamia Keroka kufanya biashara, niliweka agizo dogo nililolionea fahari kuliko yote: anayekosa mizunguko mitatu mfululizo, jina lake liondolewe orodhani. Kompyuta ingeondoa yenyewe, bila kusumbua mtu. Nilikumbuka hata Sabato, nikaacha Jumamosi zote wazi. Nani angesema siwajui watu wangu?

Orodha ya kwanza niliipeleka mwenyewe kituoni, karatasi ndefu iliyokunjwa kunjwa. Karani aliifungua polepole, akaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha akanitazama. Yeye na mimi tulikuwa Wagusii wa mlima mmoja, lakini siku hiyo alizungumza nami Kiswahili, kwa kuwa nilikuja kama mtu wa ofisi.

"Hii orodha imetoka Nairobi, bwana?"

"Imetoka kwenye kompyuta."

"Na ile nafasi ilikuwa kwa daftari yangu, kompyuta imeona?"

"Nafasi gani?"

"Zile mistari iko bure."

"Hizo nimeziondoa, mzee. Zilikuwa zinapoteza karatasi."

Akaikunja orodha vizuri sana, akaiweka mfukoni. "Sawa, bwana," akasema. Nikafikiri amekubali.

Mama alikuwepo siku hiyo. Baba alifariki kabla chai haijapandwa kwetu, kwa hiyo namba ya shamba, 217, iliandikwa kwa jina la mama mwenyewe. Hakuwahi kusoma. Lakini namba ile aliikalisha akilini kwa kuichora kwenye majivu ya jikoni, na alipoiweza aliishona kwa uzi mwekundu kwenye gunia lake la majani, tarakimu tatu kubwa zilizoinama kidogo upande wa kulia. Ndicho kitu pekee alichokiandika maishani mwake. Nilimwonyesha 217 kwenye karatasi ya kompyuta akaitambua mara moja, akawageukia wanawake wenzake. "Mnaona? Mwanangu ameniandika kule Nairobi." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Taarifa za vituo zilifika kwetu kila baada ya mzunguko, yaani kila siku kumi. Mzunguko wa kwanza, watu zaidi ya arobaini wa Manga hawakuleta majani. Safu ya sababu, iliyojazwa na karani kwa mwandiko wake wa mizizi, ilisema: ugonjwa, ugonjwa, ugonjwa, msiba, ugonjwa. Nikawachekesha wenzangu ofisini, nikasema kwetu kuna homa inayoshika watu kwa namba za mashamba. Mkuu hakucheka. Aliniuliza kama nilikuwa na hakika na fomu yangu. Nikamwambia nina hakika kabisa, nikimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na ninaona haya kuandika hivyo hata sasa.

Mzunguko wa pili nilipokuwa nikipitisha jicho kwenye taarifa nikaona: 217, ugonjwa. Nikarudi kwenye ile ya kwanza, ambayo niliichekea bila kuisoma hadi mwisho. 217, ugonjwa. Nilipanda basi asubuhi iliyofuata nikiwa na hakika kwamba nitamkuta mama kitandani.

Nilimkuta shambani, kanga imefungwa kiunoni, akipalilia kwa nguvu ambazo mimi sikuwa nazo. Aliniita tata, neno letu la mzazi wa kiume, kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nilibeba jina la baba yake. Nyuma ya nyumba niliona vikapu viwili vya majani vimegeuka vyeusi, vinanuka uchachu. Chai ikichumwa haisubiri kesho, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mama.

"Baba," nikasema, maana kwetu mama ndiye huitwa baba, "mbona hukupeleka majani?"

"Naumwa mgongo," akajibu, huku ameinama na jembe.

"Nakuona unalima."

"Hapa hauumi. Unauma nikiteremka kule."

Nikateremka mimi kwa karani. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniambia kwa Kiswahili kile kile cha ofisi kwamba mama ni mgonjwa, kisha akanitakia mema. Nilimbana kwa maswali, nikamkaripia, nikamwambia naona wazi kuna hila. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mambo ingine, bwana, si ya karani kusema." Niliondoka pale nikiwa na hasira na kituo kizima.

Aliyenifungua macho ni nyanya, mama yake marehemu baba. Kwetu mzazi na mwana wana mpaka wao wa maneno, lakini nyanya na mjukuu hawana mpaka wowote. Wanataniana mpaka wasiowajua wakimbie. Nilimkuta anaota jua, nikaketi chini na kumweleza yote, na kabla sijamaliza alianza kucheka hadi ugoro ukamwagika.

"Mume wangu," akasema, ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "umesoma hadi umemaliza vitabu, na umemweka mama yako ainame mbele ya mkwewe?"

Ndipo nikaona. Dada yangu mkubwa ameolewa ng'ambo ya kijito, na shamba la mumewe liko ubavuni mwa letu, namba 218. Kwetu mama na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakutani uso kwa uso njiani bila mmoja kupisha. Baba na mke wa mwanawe ni vivyo hivyo. Tunaiita chinsoni, na maana yake ni heshima na aibu kwa pamoja. Na haisemwi hovyo, maana kuisema tu mbele ya wanaohusika ni kuivunja. Mimi niliwapanga kwa mashamba, na mashamba yetu yamepangwa kwa boma: baba mkwe, halafu mke wa mwana wa kwanza, halafu mke wa mwana wa pili. Kila mtu ambaye hapaswi kuinama mbele ya mwenziwe nilimpangia kuinama mbele yake, saa maalumu, kwa kidole gumba.

"Na ile mistari mitupu?" nikauliza, ingawa nilikwisha jua.

"Pale yule mzee alimwacha mtu amalize, aondoke, ndipo amwite mkwewe. Wewe ulifikiri amesahau kuandika?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Haikuwa kwa sababu sikuijua chinsoni. Niliijua tangu utotoni, niliishi ndani yake, nilimpisha mama mkwe wangu njiani mwezi ule ule. Nilipokaa na penseli Nairobi haikunijia hata mara moja kwamba kitu kile kina uhusiano na kompyuta.

Ilikuwa Jumapili. Mzunguko wa tatu ulikuwa Jumanne, na baada yake agizo langu dogo lingefanya kazi. Nilikimbia kwa shemeji ng'ambo ya kijito. Kumbe naye hakuwa amepeleka majani hata mara moja. Yeye na mama, kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi, na nafasi ikakaa bure kwa mizunguko miwili. Nikamwomba asiende Jumanne ili mama aende. Alikubali hata kabla sijamaliza. Nikarudi kwa mama kwa furaha.

Mama aliacha kupepeta wimbi. "Akikosa Jumanne, ataondolewa?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ana watoto watano wa binti yangu. Mwambie aende."

Nilivuka kijito tena. Shemeji akasema hawezi, angewezaje kusikika amemtangulia mama mkwe? Nikavuka tena. Mara ya nne viatu vyangu vya Nairobi vilikuwa vimejaa matope. Nilikuwa nimetengeneza mpango ambao watu wawili waungwana hawakuweza kuutumia bila mmoja wao kuumia.

Mama ndiye aliyekata shauri. Jumatatu alasiri alifunga nguo zake akaenda Keumbu kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, mkutano ambao nilijua fika kwamba ungeanza Alhamisi. Alihakikisha majirani wote wamemwona akiondoka. Shemeji aliposikia kwamba hayupo kabisa, Jumanne alishuka na vikapu vyake, akachambua majani yake akiwa peke yake mezani, akaweka kidole gumba.

Nilirudi Nairobi nikaingia moja kwa moja kwa mkuu. Nilimwambia kila kitu, hata habari ya fomu, nilimwambia nimesimama. Nilimwomba atoe kadi ya mama pembeni kabla kompyuta haijaisoma. Ilikuwa kadi moja tu, nyepesi, ningeweza kuitia mfukoni.

"Wangapi wamekosa mara tatu?" akauliza.

"Kumi na tisa."

"Wengine ni akina nani?"

Nikamwambia wengi wao ni wake wa wana wa watu. Akaiweka penseli mezani. "Ukimtoa mama yako kwa mkono wako," akasema, "hao wengine watatolewa na mkono wa nani?" Kisha akaniomba ukurasa wa mpango unaoonyesha jinsi ya kulizuia lile agizo kwa wote. Ukurasa huo haukuwepo. Sikuwahi kufikiri kwamba agizo langu lingehitaji kuzuiwa. Kubadilisha programu kungechukua wiki tatu, na saa zetu za kompyuta zilikuwa kesho yake. Kesho yake nilisimama ndani ya kile chumba cha baridi nikaitazama mashine ikimwondoa mama yangu. Ilimwondoa vizuri, bila kosa, kama nilivyoiagiza.

Nilipewa wiki mbili za penseli kwa mara ya pili, na safari hii nilizitumia zote. Niliketi na daftari la karani miguuni pa nyanya, nikasoma kila jina, kila mstari mtupu, naye akaniambia nani ni mkwe wa nani, nani alizaa na nani, na mengine mengi ambayo fomu haikuyauliza. Nilipomaliza, programu mpya ilikuwa na kadi tupu katikati ya kadi za watu, mahali pengine moja, mahali pengine tatu. Wasichana wa kutoboa walifikiri nimerukwa na akili. Mkuu alizipitia zote, kisha akachukua fomu yangu ya zamani, akanipa penseli, akanionyesha swali la thelathini na moja. Nikafuta, nikaandika upya mbele yake.

Walioondolewa ilibidi waombe namba upya. Nilijaza fomu zote kumi na tisa, ya mama mwisho. Palikuwa na mstari wa sababu ya kukosa mizunguko, na pale nilikwama. Ningeandika nini, na ingesomwa na nani, mbele ya nani? Nikaandika: ugonjwa. Nikaandika mara kumi na tisa. Karani alizipokea, akazisoma moja moja bila haraka, akapiga mhuri. Mama alikuwa amesimama pale pale, mzima, kikapu mgongoni.

"Pole kwa mama," karani akaniambia, safari hii kwa Kigusii. "Anaendelea vizuri?"

"Anaendelea," nikajibu.

Namba mpya zilitoka mwisho wa orodha. Ya mama ilikuwa 643. Jioni hiyo alilala mapema kabla jua halijazama vizuri, au ndivyo nilivyodhani, hadi nilipomkuta jikoni na lile gunia mapajani, akifumua uzi mwekundu kwa ncha ya kisu, polepole, asichane gunia. Ile mbili ilikwisha toka. Nilitaka kumwomba msamaha lakini kwetu mwana hamwambii mama yake maneno kama hayo vivi hivi. Akanitandazia majivu mbele ya mafiga.

"Niandikie hiyo mpya," akasema.

Nikaandika kwa kidole. Akaifuatisha, akapotoka kwenye ile sita, akaifuta, akaifuatisha tena. Mara ya tano ilikaribia kuwa sawa. Akachukua sindano na uzi, lakini kabla hajaichoma sindano kwenye gunia alisita, akaniangalia.

"Tata," akaniuliza, "hii nishone sasa, au bado hamjamaliza kupanga?"